Shimo la magunzi: shajara ya kupunguza naitreti kwenye mfereji wetu, Usambara

Naandika hii kwa yeyote anayetaka kunakili shimo hili la kusafisha maji ya mfereji, nitakua naongeza kila hatua ikiisha. Ukiona nimerukaruka mahali jua hapo hapakua na shida, nimekaa zaidi palipoharibika maana ndiko hela ilikoenda.

6 Januari 2024

Tuko wilaya ya Lushoto, juu ya Soni, bonde la mboga kama mabonde mengine ya huku: kabichi, karoti, hoho, nyanya, mwaka mzima ardhi haipumziki na mbolea ni urea na CAN juu ya samadi. Maji ya ekari kama sita hivi, zetu na za majirani wanne, yanajikusanya kwenye mfereji mmoja aliochimba baba zamani, mfereji unaenda moja kwa moja kijitoni, kijito kinaingia mto Soni, unashuka Mombo kwenye mpunga, halafu Mkomazi halafu Pangani. Kwa hiyo tunachokimwaga huku juu kuna mtu chini anakipokea.

Kilichonianzisha ni shangazi. Anachota kijitoni, mita kama mia mbili chini yetu, na ana mjukuu wa miezi mitano anayepewa maziwa ya kopo. Nikamwambia shangazi haya maji yana mbolea, akanijibu "si tunachemsha baba". Sasa ubaya wa naitreti, yaani ile naitrojeni ya mbolea ikishayeyuka kwenye maji, ndo huo, kuchemsha haiiondoi, maji yanapungua kwa mvuke yenyewe inabaki palepale, yaani unazidi kuikoleza. Shirika la Afya Duniani wameweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita, hasa kwa ajili ya hawa watoto wa chupa, maana ikizidi damu yao inashindwa kubeba oksijeni. Mtoto sasa anatumia maji ya bomba kwa jirani, hilo limeisha, ila mfereji bado unamwaga.

Leo nimefanya vitu viwili tu. Nimepima wingi wa maji, ndoo ya lita 20 inajaa kwa sekunde 65. Na nimepima naitreti kwa vile vijiti vya maji ya samaki wa mapambo, nimeagiza Dar kwa 42,000. Rangi imekaa kati ya 50 na 100, hivyo vijiti havina katikati, ni kukisia tu.

27 Januari 2024

Wiki tatu nimepoteza kwa ujinga, someni hapa vizuri.

Rafiki yangu wa chuo alinipimia chupa moja maabara, jibu likaja miligramu 14.7 kwa lita. Nikasema aah, kumbe vijiti vimenidanganya, 14.7 ni chini kabisa ya 50, maji mazima haya, nikaacha kila kitu nikarudi kwenye hoho zangu. Ni yeye mwenyewe aliyepiga simu wiki iliyopita kuuliza nimefanya nini, nikamwambia si umesema yako salama, akacheka mpaka akakata simu. Kumbe maabara wanaandika naitrojeni peke yake, vijiti vinasoma naitreti nzima pamoja na oksijeni yake. Ukitaka kutoka namba ya maabara kwenda ya vijiti unazidisha kwa 4.43. 14.7 inakua 65. Vijiti vilikua sawa, mimi ndo nilikua nimepotea. Kuanzia hapa namba zangu zote ni za naitrojeni, na kikomo cha 50 ukikigeuza ni 11.3.

Halafu tukapiga hesabu nyingine ambayo ndo iliniamsha usingizini. Maji yale ni kama lita 26,600 kwa siku, mara 14.7, unapata karibu gramu 390 za naitrojeni kila siku. Urea ina naitrojeni 46 kwa mia. Kwa hiyo mfereji unabeba kama gramu 850 za urea kwa siku, mfuko wa kilo 50 kila miezi miwili. Sio yote imetoka kwenye mfuko, samadi nayo imo, ila majirani nilipowaambia kwa lugha ya mifuko ndo wakaanza kunisikiliza, nilipokua naongea miligramu walikua wananiangalia tu.

18 Februari 2024

Kinachofanya kazi ni bakteria, na wako tayari kwenye tope, hununui. Wakiwa na oksijeni wanapumua oksijeni kama sisi. Ikiisha wanahamia kwenye naitreti, wanaing'oa oksijeni yake, na naitrojeni inayobaki inapanda hewani ikiwa gesi ileile ambayo ni asilimia 78 ya hewa tunayovuta. Wanachotaka ni chakula chenye kaboni, pasiwe na hewa, na muda. Kanada na New Zealand walianza miaka ya 1990 kuzika mabaki ya mbao chini ya mashamba ili maji yapite humo, na mimi ndo hilo ninalonakili kwa vifaa vya Lushoto.

Shimo: urefu mita 8, upana mita 1.2, kina mita moja, pembeni ya mfereji. Vibarua watatu siku mbili 60,000. Nailoni nzito mita 14 ni 49,000. Bomba la inchi 4 na elbo (ile kona ya bomba) ni 44,000. Elbo inakaa kwenye njia ya kutokea, ukiisimamisha maji yanapanda ndani ya shimo, ukiilaza yanashuka, ndo geti lako hilo. Nikaijaza vumbi la mbao kutoka kwa wapasuaji, lenyewe ni bure ila gari 30,000, nikafunika na nailoni na udongo juu.

Watoto wamepaita kaburi la jitu. Mzee wa shamba la juu alikuja kuangalia, nikamwamkia, akazunguka zunguka akasema "mwanangu, kabla baba yako hajachimba huu mfereji hapa chini palikua kinamasi, ng'ombe wangu alizama mpaka tumboni". Nikamwitikia tu kwa heshima, nilikua nawaza bomba.

9 Machi 2024

Imekufa.

Vumbi la mbao likilowa linashikana kama ugali uliopoa, maji hayapiti. Siku ya nne yakaanza kupanda juu, ya sita yakavunja ukingo na kurudi mfereji wa zamani bila kupita shimoni kabisa. Nikasema nilaze elbo nipunguze kina, elbo haigeuki, fundi alikua ameipaka gundi na mimi nilikua nimesimama pale pale namuangalia akiipaka. Ikabidi tukate bomba kwa msumeno.

Rekebisho: elbo usiigundishe, weka ule mpira wake na grisi kidogo, ibaki inazunguka kwa mkono. Vumbi la mbao achana nalo.

Mei 2024

Masika ya mwaka huu kila mtu anayajua, nchi nzima ilikua kwenye mafuriko. Aprili mfereji ulijaa ukaleta tope la ekari zote sita ukalimwaga kwenye shimo langu. Sikupima kitu, niliokoa nailoni nikakaa ndani.

Nilichojifunza kwa kuangalia dirishani ni kwamba shimo likiwa kwenye njia kuu ya maji litakufa tu. Lazima liwe pembeni, lichukue kiasi chake, na maji ya mvua kubwa yawe na njia yao.

22 Juni 2024

Tumerudia. Vibarua 40,000 kutoa uchafu. Mbele ya shimo nimeweka pipa la lita 200 (33,000) maji yatulie kwanza tope lishuke chini, pipa linasafishwa kila wiki na sio hiari. Kwenye mfereji tumeweka kizuizi cha mbao chenye pengo juu, maji yakizidi yanaruka yanaenda zao.

Kujaza safari hii: nusu ni magunzi ya mahindi, nusu ni matawi na mabanzi. Magunzi yako kila nyumba, watu wanayachoma tu, gari kuyakusanya 25,000. Matawi ya mgrivea na mabanzi membamba tumeyapitisha kwenye mashine ya kukatia majani ya ng'ombe ya jirani, mafuta 15,000, mabanzi manene yakaikwamisha mara mbili tukamalizia kwa panga. Vipande viwe kama kidole, sio vidogo zaidi. Mbao zilizopakwa dawa ya mchwa usiweke.

Magunzi yanawapa bakteria chakula haraka kuliko mti, ila yanaoza haraka pia, ndo maana nimechanganya.

Kabla ya kujaza nikapima nafasi iliyopo katikati ya vipande: jaza ndoo ya lita 20 kwa mchanganyiko, mimina maji mpaka ukingoni, ziliingia lita 13. Yaani 65 kwa mia ni nafasi ya maji. Ukitoa udongo wa kufunika juu, shimo lina mita za ujazo 8.6 za mchanganyiko, hivyo maji ndani ni 5.6. Hii namba utaihitaji sana, ndo inakuambia maji yanakaa humo saa ngapi.

Julai 2024

Maji yanatoka rangi ya chai ya rangi. Shangazi kaja mwenyewe mpaka shambani ameshika ndoo, hajasema kitu, kaiweka chini mbele yangu. Nilijisikia vibaya bana, mradi wa kumsafishia maji umemchafulia maji.

Hii ni ya kawaida kwa magunzi na miti mipya, juisi yake inatoka wiki za mwanzo, na sio rangi tu, inakula oksijeni ya kijito, samaki wadogo na viluwiluwi wanaweza kufa chini. Nilitakiwa kujua. Rekebisho: nimegeuza bomba la kutokea, maji yote yanamwagwa kwenye matuta ya kabichi badala ya kijitoni. Ilichukua wiki tatu yakawa kama maji ya kuoshea mchele, ndo nikarudisha. Ukinakili, jaza shimo wakati una shamba la kumwagilia, na waambie watu wa chini mapema kabla hawajaja na ndoo.

Vijiti siku hizo vilikua vinaonyesha sifuri nikafurahi. Usifurahi. Wiki za mwanzo kila mtu anapata sifuri.

28 Julai 2024

Harufu ya mayai viza, mpaka barabarani inasikika. Majirani wakaanza maneno kwamba nimezika kitu.

Kiangazi maji yamepungua, na mimi nilikua nimesimamisha elbo mpaka mwisho na kubana njia ya kuingilia nikidhani maji yakikaa sana ndo vizuri. Nikapima, ndoo moja inajaa kwa dakika 12. Hiyo ni lita 2,400 tu kwa siku, maji yanakaa humo zaidi ya siku mbili. Naitreti ikishaisha bakteria wengine wanahamia kwenye salfa, ndo ile harufu. Nikafungua mpaka ndoo dakika 3, maji yanakaa kama saa 14, baada ya siku tano harufu ikaisha. Kwa hiyo pua ni kipimo cha bure, ikinuka fungua maji.

Kuyakimbiza sana nako kuna ubaya wake. Bakteria wakikatishwa katikati ya kazi wanatoa gesi nyingine ya naitrojeni, ile inayopasha dunia joto karibu mara 270 kuliko hewa ya ukaa kilo kwa kilo. Siwezi kuipima huku, najaribu tu nisiyakimbize.

25 Agosti 2024

Jibu la kwanza la maabara la kuaminika: yanaingia 12.4, yanatoka 11.1. Nikashika kichwa. Saa 14 zote zile halafu inapungua moja tu?

Siku mbili nilikua nalaumu baridi (kweli baridi inawapunguza kasi, na Agosti ya huku mnaijua). Mwishowe nikamwaga rangi nyekundu ya keki kwenye pipa nikakaa na saa kwenye bomba la kutokea. Nilitegemea nisubiri mpaka usiku. Ikatoka baada ya dakika 40. Maji yalikua yameshapata njia ya mkato kati ya nailoni na magunzi, yanateleza pembeni kama wanafunzi wanaoruka ukuta, na sehemu kubwa ya shimo imekaa tu haitumiki.

Rekebisho limechukua siku moja na halikunigharimu, tumechomeka mbao tatu za mabanzi mapana kukatiza upana wa shimo, ya kwanza ina pengo kushoto, ya pili kulia, ya tatu kushoto, maji yapige kona. Na pembeni tumekandamiza magunzi kwa miguu mpaka yakabana nailoni. Rangi ya pili imeanza kuonekana baada ya masaa nane. Mimi ningeanza na hicho kipimo cha rangi kabla ya kulipia maabara hata mara moja, ni pakiti ya 1,000.

14 Septemba 2024

Yanaingia 12.4, yanatoka 5.8. Hatimaye!

Kwa lita 9,600 za siku hiyo ni gramu 63 za naitrojeni zimepanda hewani, au gramu 7 na kidogo kwa kila mita ya ujazo ya magunzi. Mashimo ya aina hii yanajulikana kutoa kati ya gramu 2 na 22, kwa hiyo tuko kundini.

Angalizo la chupa: sampuli mbili za Agosti nilizitupa kwa sababu zilikaa siku nzima kwenye begi juani, bakteria waliendelea na kazi ndani ya chupa na namba ikashuka ikiwa njiani. Weka kwenye barafu, zifike siku hiyo hiyo.

17 Novemba 2024

Vuli imeingia na imenishusha.

Mvua ya kwanza inasukuma kila kitu kilichokaa kwenye udongo tangu kiangazi, naitreti haishikwi na udongo, inafuata maji tu. Mfereji ulisoma 21. Na maji yalikua mengi, lita 0.6 kwa sekunde, shimo linachukua 0.2 zilizobaki zinaruka pengo. Za shimoni zilitoka 14.5, ambayo kwa shimo ni kazi nzuri kuliko ya Septemba, gramu 112 kwa siku, joto limerudi na chakula kipo. Ila changanya na zile zilizoruka, kijito kinapokea 18.8. Kutoka 21 mpaka 18.8. Kwa shimo la karibu laki nne!

Nilikaa na mzee wa juu jioni ile, namlalamikia, nikasema nahitaji mashimo matatu kama hili. Akasema tena, ng'ombe wangu alizama hapa. Safari hii nikamuuliza alizama wapi hasa. Akanionyesha kwa fimbo, ni pale ambapo mfereji wa baba unanyooka mita ishirini na tano za mwisho kabla ya kijito, pembeni kote matete ya kudumaa na nyasi. Kinamasi kilikua pale. Tope jeusi lenye majani yaliyooza, hakuna hewa, maji yanapita taratibu, mizizi inalisha bakteria kila siku. Yaani shimo la magunzi, ila la mita ishirini na tano na hakuna aliyelichimba, na baba alilikausha ili apate matuta manne ya kabichi. Simlaumu, kila mtu bonde hili alifanya hivyo, na ile sheria ya mazingira inayokataza shughuli za kuharibu ndani ya mita 60 kutoka mtoni ni ya 2004, mfereji ulikua umeshachimbwa.

1 Desemba 2024

Tumeziba mfereji wa baba. Viroba 12 vya mchanga, 500 kila kimoja, 6,000 jumla. Maji yanayoruka pengo la shimo sasa yanatawanyika kwenye matete badala ya kukimbia. Matuta manne ya kabichi yamekwenda, mama hajafurahi kwa kweli, nimemwahidi matete yatakatwa kila baada ya wiki sita hadi nane kwa ajili ya ng'ombe wake, na ukiyakata ukayaondoa unaondoa na naitrojeni iliyoko kwenye majani.

Kosa: viroba niliviweka kwa ukuta mmoja mrefu, maji yakatafuta pembe moja yakachimba njia. Ile ile habari ya kuta na wanafunzi. Nimevipanga upya nusu nusu, kushoto kulia. Mbu wameongezeka kidogo sehemu maji yaliposimama, nimechimbua ili yatembee.

2 Februari 2025

Vipimo viwili vya Januari, maji yaliyoruka shimo yanaingia kwenye matete 16.2 yanatoka 11.0, na mara ya pili 15.5 yakatoka 10.4. Shimo peke yake 15.5 kwenda 8.1. Kijito chetu kwa mara ya kwanza kimekua chini ya 11.3 siku isiyo ya mvua kubwa. Shangazi nimemwambia bado asimpe mtoto, siku ya mvua sina uhakika nayo, na hapa hatujagusa vijidudu wala dawa za nyanya.

Shimo limeshuka sentimita 15, magunzi ndo yameoza, nimeongeza gari moja 18,000. Majirani wawili wamekubali urea waiweke kidogo kidogo mara tatu badala ya kuimwaga yote siku moja, wa tatu anasubiri aone kabichi zao.

Jumla mpaka leo: mwanzo 195,000, gari la vumbi la mbao 30,000 (zimepotea), kurudia na pipa 113,000, maabara 60,000, rangi mbili 2,000, viroba 6,000, magunzi ya kuongezea 18,000. Ni 424,000.

Mzee wa juu ameomba vipimo vya bomba, anataka na yeye achimbe lake. Nimemwomba asichimbe kwanza, Jumamosi tunatembea kwenye mfereji wake tuone unapita wapi na palikua na nini.